Tusipeleke vijana nje kusomea ndege kwa kubahatisha



Nina dukuduku kuhusu jambo linalozidi kuenea hapa kwetu Mdandu, na bila shaka katika sehemu nyingi za nchi yetu, nalo ni hili la kumchagulia kijana chuo kikuu cha nje ili akasomee uhandisi wa ndege na vyombo vya anga.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Mtoto wa marehemu dada yangu, ambaye nimemlea tangu akiwa darasa la nne, amemaliza kidato cha sita mwaka huu kwa masomo ya Fizikia, Kemia na Hisabati, na amepata daraja la kwanza. Tangu utoto wake, kila alipoona ule mstari mweupe wa ndege zipitazo juu sana zikielekea kusini, alikuwa akiacha jembe na kuniuliza maswali ambayo mimi mwalimu wa Kiswahili na Maarifa ya Jamii sikuwa na majibu yake. Kwa hiyo aliposema anataka kuwa mhandisi wa ndege hakuna aliyeshangaa. Tulichoshindwa ni kujua aende wapi.

Hapo ndipo alipotokea wakala. Alifika Makambako, akakodi ukumbi wa nyumba moja ya wageni, na wazazi tukaitwa kwa simu tuje tusikilize. Walikuja wazazi kutoka Ilembula, Igwachanya, na wengine kutoka Njombe mjini. Tulionyeshwa picha za majengo ya vioo na vijana wa rangi zote wakicheka mbele ya ndege. Tukaambiwa nafasi zilizobaki ni tatu tu, na kwamba mwenye kutaka alipe shilingi 500,000 za fomu siku hiyo hiyo. Nililipa, Ndugu Mhariri. Sioni aibu kusema, maana naamini siko peke yangu.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, ukoo ulikutana nyumbani kwangu. Dada yangu aliacha ekari tatu za miti ya paina, nayo sasa ina miaka tisa. Kila Mbena anajua kwamba mti wa miaka tisa si mti wa kuuza. Mbao zake ni nyembamba, na wafanyabiashara wanaopita vijijini na fedha mkononi hufahamu vizuri kwamba mwenye shida hana bei. Hata hivyo tulikubaliana tuuze. Wazee walisema mama yake alipanda miti kwa ajili ya mtoto, basi na imfae mtoto.

Bahati yetu ni kwamba kijana mwenyewe aliichukua ile barua ya chuo akampelekea mwalimu wake wa Fizikia. Mwalimu aliisoma mara mbili, akamwambia: "Hapa hawasemi uhandisi. Hii ni shahada ya biashara na uongozi wa usafiri wa anga." Yaani tulikuwa tukate miti ya marehemu ili kijana aliyefaulu Hisabati za juu akajifunze kusimamia mauzo ya tiketi! Sidharau kazi hiyo, lakini siyo aliyoiomba. Nilipompigia wakala simu, alinijibu kwamba yote hayo ni "mambo ya ndege", na fedha ya fomu hairudishwi.

Tangu siku hiyo nimekuwa mwanafunzi tena. Nimesoma kwenye intaneti kwa msaada wa kijana, nimekwenda kuuliza kwa wahandisi wawili wa barabara waliokuwa Njombe, na nimeelewa mambo ambayo ningependa wazazi wenzangu wayajue kabla hawajalipa fedha kwa mtu yeyote.

La kwanza, na kwa maoni yangu ndilo kubwa kuliko yote, ni kwamba kuna kazi mbili ambazo sisi huku tunaziita kwa jina moja. Kuna anayebuni ndege: anayepiga hesabu za bawa, za injini, za nguvu ya bati, za njia ya setilaiti. Huyu ndiye mwenye shahada ya uhandisi wa anga. Halafu kuna anayeitunza ndege: anayeingia chini yake usiku, akaifungua, akaifunga, kisha akatia saini kwamba asubuhi inaweza kuruka na watu. Huyu wa pili hafanyi kazi kwa shahada, bali kwa leseni, na kwetu leseni hiyo hutolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania baada ya mafunzo maalum, mitihani na miaka ya kazi ya mikono. Kijana anaweza kurudi na shahada nzuri kutoka chuo kikubwa cha Ulaya, lakini asiwe na ruhusa ya kutia saini hata kwenye gurudumu. Wazazi wengi tunampeleka mtoto kusomea kazi ya kwanza huku mioyoni tukitarajia ajira ya pili.

Anayetaka kazi ya pili hana haja ya kuuza miti. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, pale Mabibo, Dar es Salaam, kinafundisha utengenezaji wa ndege. Uganda kuna chuo cha Soroti, ambacho kilianzishwa mwaka 1971 kwa ajili ya Afrika Mashariki yote, na Shirika la Ndege la Ethiopia lina chuo chake Addis Ababa.

Basi nikamuuliza mpwa wangu: wewe unataka ipi? Akajibu bila kusita, "Mjomba, mimi nataka kubuni." Nikamwuliza tena: ubuni nini, na ubunie wapi, wakati Tanzania haina kiwanda cha ndege? Hapo alinyamaza. Lakini baada ya siku mbili alirudi na majibu, na lazima nikiri kwamba baadhi yake yalinifunga mdomo.

Alinikumbusha kwamba shirika letu la ndege, lililofufuliwa mwaka 2016, limepokea ndege za Bombardier, za Airbus na za Boeing. Mwaka 2022 baadhi ya zile Airbus A220 zilisimama chini kwa matatizo ya injini za Pratt & Whitney, matatizo yaliyoyapata hata mashirika ya nchi nyingine. Kijana akasema: injini ile hatutaibuni sisi, lakini lazima awepo Mtanzania wa kusoma taarifa za kiwanda, akazielewa, na kuwaambia viongozi wake kabla ya kununua kwamba injini hii bado changa. Akanikumbusha pia msiba wa Bukoba wa tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya ATR ilipoanguka Ziwa Victoria na watu 19 wakafa. Uchunguzi wa ajali kama ile hutaka watu wanaojua kwa undani jinsi ndege inavyoruka na inavyoanguka. Na akataja ndege zisizo na rubani: Zanzibar ilianza kupigwa picha nazo kwa ajili ya ramani mwaka 2016, na mwaka 2018 zilijaribiwa kupeleka dawa kisiwa cha Ukerewe. "Na Makete je, Mjomba? Na Ludewa milimani?" Sikuwa na la kujibu.

Kwa hiyo nakubali kwamba kazi ipo, ijapokuwa ni ya watu wachache. Ubishi wetu umebaki katika njia ya kuifikia.

Sasa niseme kidogo juu ya nchi, maana hili ndilo wazazi wanalouliza. China ina vyuo vikubwa vya fani hii, kama Beihang cha Beijing, kile cha anga cha Nanjing, na Northwestern Polytechnical cha Xi'an. Serikali ya China hutoa ufadhili, lakini kwa shahada ya kwanza mwenye kufadhiliwa mara nyingi hutakiwa kwanza mwaka mzima wa kujifunza Kichina, kisha asome kwa Kichina hicho hicho. Mpwa wangu anasema hilo halimtishi. Uturuki nayo ina ufadhili, na chuo cha METU cha Ankara hufundisha uhandisi wa anga kwa Kiingereza. India kuna vyuo vya IIT, ambavyo vina jina kubwa na mtihani wake wa kuingilia ni mgumu mno. Na hapa naomba niwasahihishe jirani zangu wanaodhani kwamba tawi la IIT Madras lililofunguliwa Zanzibar mwezi Novemba 2023 linafundisha ndege. Lilianza na sayansi ya takwimu na akili mnemba. Ni jambo jema sana kwa nchi, lakini ndege haimo.

Ujerumani vyuo vingi vya umma havitozi ada, na habari hiyo imewavutia wengi. Wasichoambiwa ni kwamba masomo ya shahada ya kwanza ya uhandisi kwa kawaida ni kwa Kijerumani. Kwamba jimbo la Baden-Württemberg, kilipo chuo cha Stuttgart chenye sifa katika fani hii, tangu mwaka 2017 linawatoza wageni euro 1,500 kwa kila muhula. Na kwamba ili kupata viza mwanafunzi huonyesha fedha za kujikimu, kiasi ambacho mwaka 2024 kiliwekwa kuwa euro 11,904 kwa mwaka, zikiwa zimefungiwa benki. Hizo zinazidi shilingi milioni 30. Ekari tatu za paina changa haziwezi.

Marekani ndiyo ndoto ya wengi. Nimejifunza jambo moja ambalo hakuna wakala atakalokuambia. Nchi ile ina sheria kali kuhusu siri za silaha na roketi, na kwa sheria hizo kampuni nyingi za anga haziwezi kumpa mgeni asiye na ukaazi wa kudumu hata nafasi ya kujifunza kazi. Kijana anakaa darasani na wenzake miaka minne. Likizo ikifika wenzake wanakwenda viwandani, yeye anakwenda kufagia mgahawa. Anarudi na shahada isiyo na mazoezi.

Urusi ina Taasisi ya Anga ya Moscow tangu mwaka 1930, na elimu yake haina mjadala. Lakini tangu mwaka 2022 Boeing na Airbus hawapeleki vipuri wala wataalamu huko, na ndege kubwa za shirika letu ni hizo hizo Boeing na Airbus. Kharkiv, Ukraine, palikuwa na chuo cha anga chenye sifa na ada nafuu, na Waafrika wengi walisoma katika mji ule. Februari 2022 vita vilipoanza, wanafunzi wakiwemo Watanzania walihangaika kuifikia mipaka ya nchi jirani katika baridi kali, wengine masomo yakiwa nusu. Simlaumu mzazi yeyote kwa hilo, kwani nani angejua? Ila nasema mwenye kumpeleka mtoto nje ajiulize pia kama nchi ile itakuwa salama kwa miaka minne au mitano ijayo.

Karibu zaidi, Wits cha Johannesburg kina shahada ya uhandisi wa ndege ya miaka minne, na Nairobi kuna Chuo Kikuu cha Kenyatta na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Kenya. Nashangaa kwamba wazazi wengi tunaruka Nairobi, mahali unapoweza kufika kwa basi, tukaenda kuangalia picha za vioo ukumbini.

Popote pawapo, kuna karatasi za kutazama kabla ya picha. Kuna mapatano ya kimataifa yaitwayo ya Washington, ya mwaka 1989, ambayo kwayo vyombo vya uhandisi vya nchi mbalimbali hutambua masomo ya wenzao. Afrika ya Kusini iliingia mwaka 1999, India 2014, China 2016. Lakini kinachotambuliwa ni kozi moja moja wala si chuo kizima, kwa hiyo muulize wakala: kozi hii hii, kwa jina lake hili hili, imetambuliwa na nani? Halafu kuna Tume yetu ya Vyuo Vikuu, TCU, ambayo inashughulikia kutambua shahada za nje, na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ambayo bila usajili wake mtu hana haki ya kujiita mhandisi katika nchi hii. Kuuliza TCU kabla ya safari ni bure ukilinganisha na kuuliza baada ya miaka minne. Mimi sikuuliza, nikalipa 500,000.

Lipo jambo jingine la kalenda. Matokeo ya kidato cha sita hutoka mwezi Julai, wakati milango ya ufadhili mwingi, kama wa Uturuki, hufunguliwa na kufungwa mwanzoni mwa mwaka. Kijana wa kijijini hupata habari ikiwa imekwisha pita. Ndiyo maana wakala wa Agosti anatukuta tumechanganyikiwa.

Sasa nieleze ushauri niliompa mpwa wangu, na wasomaji wanikosoe. Nilipokuwa mtoto, mwanzoni mwa miaka ya 1970, niliona reli ya TAZARA ikifika Makambako. Tulikuwa tukitembea kwa miguu kwenda kuwaangalia Wachina wakilaza mataruma. Mwaka 1972, reli ikiwa bado inajengwa, vijana wapatao 200 wa Tanzania na Zambia walipelekwa Beijing kusomea uhandisi wa reli, wakamaliza mwaka 1975. Serikali ilijua wanakwenda kusoma nini, na waliporudi reli ilikuwa inawangoja. Angalia pia jirani zetu wa Uganda. Setilaiti yao ya kwanza iliyorushwa mwaka 2022 ilitengenezwa na vijana wao waliokwenda Japani, katika Taasisi ya Teknolojia ya Kyushu, wakiwa tayari wana shahada zao za kwanza. Hawakupelekwa moja kwa moja kutoka kidato cha sita.

Kwa hiyo nilimwambia: omba uhandisi wa mitambo katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho kimekuwa kikifundisha wahandisi tangu mwaka 1973. Hesabu za joto, za vimiminika na za nguvu za vitu ni zile zile. Ufaulu wako unakuruhusu hata kuomba ule ufadhili wa Samia wa wanasayansi waliofanya vizuri, na Bodi ya Mikopo ipo. Ukimaliza, nenda nje kwa shahada ya pili ya anga, ukiwa mtu mzima mwenye taaluma ambayo haitakuacha na njaa hata ndege zikikataa. Na miti ya mama yako itakuwa na miaka kumi na tatu.

Hakufurahi. Aliniambia, kwa heshima lakini kwa uchungu, kwamba watoto wa wakubwa hawaambiwi wasubiri miaka minne. Kwamba mimi naogopa kwa sababu nililiwa fedha ya fomu. Na kwamba wenzake wa Nanjing wakifika mwaka wa pili wanashika bawa kwa mikono wakati yeye atakuwa anachora gia. Hilo la fedha ya fomu huenda ni kweli. Na hilo la watoto wa wakubwa siwezi kulikanusha. Tumeafikiana hivi: atakubali nafasi ya Dar es Salaam ikija, na mwanzoni mwa mwaka ujao ataomba ufadhili kamili wa China na wa Uturuki. Akiupata, ataacha Dar es Salaam na kwenda, nami nitamsindikiza mpaka Makambako stendi. Asipoupata, atasoma mitambo. Miti haiuzwi kwa vyovyote.

Wizara ya Elimu na TCU ninawaomba jambo moja. Matangazo ya ufadhili yabandikwe kwenye ofisi za kata na katika kila shule ya sekondari ya juu kabla ya mwezi Desemba, pamoja na orodha ya kozi za nje zilizokwisha tambuliwa, kozi kwa kozi. Maofisa elimu wa wilaya wawe na mtu wa kuisoma barua ya chuo cha nje na kumwambia mzazi ni uhandisi au si uhandisi. Kazi ile ilifanywa kwetu na mwalimu wa Fizikia kwa hiari yake, jioni, kwa mwanga wa simu. Na shirika letu la ndege pamoja na Mamlaka ya Usafiri wa Anga watueleze kupitia magazeti: katika miaka kumi ijayo wanahitaji wahandisi wangapi wenye shahada, na mafundi wangapi wenye leseni? Mzazi akiijua hesabu hiyo, wakala hatamdanganya kwa picha.

Kama yupo msomaji aliyesoma uhandisi wa anga China, Uturuki, Afrika ya Kusini au kwingineko na akarudi kufanya kazi hapa nchini, tafadhali aandike katika ukurasa huu atueleze alianzaje na sasa anafanya kazi gani. Gazeti hufika Mdandu limechelewa siku moja, lakini tunalisoma. Mpwa wangu anatakiwa kuthibitisha nafasi yake ya chuo mwezi ujao.

Mwalimu Mstaafu,
Mdandu, Njombe.